Shule zinakamata simu getini, halafu zinaanika watoto wetu mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Kila Januari wazazi tunapokea karatasi ya maelekezo ya kujiunga na shule, na kila mwaka kuna mstari uliokolezwa wino: ni marufuku mwanafunzi kuja na simu. Sina ugomvi na mstari huo. Ugomvi wangu ni kwamba kwa shule nyingi, hasa hizi binafsi zinazogombea wanafunzi, suala la usalama wa mtoto mtandaoni linaanzia hapo na kuishia hapohapo. Simu ya mtoto inakamatwa getini, kisha simu ya mwalimu inaingia darasani, inampiga picha mtoto yuleyule, na kabla ya magharibi picha iko kwenye ukurasa wa shule ikiwa na jina lake na darasa lake.

Chukua posti ya kawaida tu, ya zile zinazorushwa msimu wa mahafali ya awali. Mtoto amevaa joho na kofia ya manila. Majina yake yote matatu yameandikwa, na kwamba leo anatimiza miaka sita. Nyuma yake limeegeshwa basi la shule, ubavuni limeandikwa mitaa linakopita. Chini, ndugu na majirani wanamalizia kazi: "Hongera sana mjukuu wa Bibi fulani wa Kihonda, Mungu akukuze." Mtu mwenye nia mbaya hana swali lililobaki la kuuliza. Akimsubiri mtoto huyo kituoni na kumwambia ametumwa na bibi, akamtaja bibi kwa jina, mtoto atamkatalia kwa hoja gani?

Kuna na zile video za mtoto wa darasa la pili kusimamishwa ajieleze kwa Kiingereza. Hilo ni tangazo la biashara. Mhusika hajalipwa na mzazi wake hajaulizwa. Mbaya zaidi ni picha za daftari au karatasi za mtihani zenye majibu ya kuchekesha, ambazo baadhi ya walimu huweka kwenye stetasi zao. Jina la mtoto linaonekana pale juu, watu wazima wanacheka hadi machozi, na kesho yake mtoto anaitwa kwa jibu lake uwanja mzima.

Shuleni anakosoma binti yangu walirusha video yake akighani shairi. Nilipoomba iondolewe niliambiwa, "Mbona wazazi wenzako wanafurahia, mama?" Waliiondoa hatimaye, lakini kurasa nyingine mbili zilikuwa zimeshaichukua, na hizo sina wa kumpigia.

Wakuu wa shule waelewe kwamba hapa hatuombi hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024 na inapokea malalamiko ya wananchi. Ridhaa ya maandishi ni karatasi ambayo mzazi ameisoma na kuitia saini akijua picha itakwenda wapi na itakaa huko muda gani. Ule mstari wa "mzazi anakubaliana na taratibu zote za shule", ambao tunausaini tukiwa kwenye foleni ya ada, hautoshi.

Wenzetu wa Kenya wameshavuka maneno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya huko iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Kwa fedha zetu ni zaidi ya milioni 70. Sitamani shule ifilisike, lakini faini moja ya namna hiyo hapa kwetu ingefundisha kuliko semina mia.

Yupo atakayeuliza picha ya mtoto aliyevaa sare ina ubaya gani. Septemba hiyohiyo ya 2023, katika mji wa Almendralejo nchini Hispania, wasichana zaidi ya 20, wengine wakiwa na miaka 11 tu, waligundua kuwa picha zao za uchi zinazunguka kwenye simu za wavulana wanaowafahamu. Hawakuwahi kupiga picha hizo. Wavulana walichukua picha zao za kawaida kwenye mitandao ya kijamii, wakiwa na nguo zao mwilini, wakazipitisha kwenye programu ya akili mnemba inayobandika mwili wa uchi wa bandia. Mwaka uliofuata mahakama ya watoto iliwatia hatiani vijana 15. Kwa hiyo shule inayojaza ukurasa wake picha za wasichana wa sekondari, sura zikionekana vizuri na majina yakiwa chini, inaweka malighafi hadharani, tena bure.

Sisi wazazi nasi tusijitoe. Grupu la WhatsApp la darasa, ambamo mwalimu hutuma kazi za nyumbani, limejaa watu tusiowajua: baba aliyehamisha mtoto kitambo, dada wa kazi aliyeshaondoka, dereva wa zamani. Kila picha ya mtoto inayotumwa mle inaingia kwenye simu zote hizo, na simu nyingi huihifadhi zenyewe bila mwenye simu kugusa kitu. Msimamizi wa grupu apitie orodha kila muhula aondoe wasiohusika. Ni kazi ya dakika chache, na sijaona grupu linaloifanya.

Kwa watoto wengi wa mjini simu ya kwanza ni ya mama, jioni, mama akiwa jikoni. Mwalimu wa TEHAMA angetusaidia sana akipewa nafasi kwenye kikao cha wazazi, badala ya kikao kizima kuishia kwenye ada na michango ya chakula. Atuonyeshe jinsi ya kuzuia kamera ya simu isihifadhi ndani ya picha taarifa za mahali ilipopigwa. Atuonyeshe namna ya kufunga WhatsApp ili mtoto asiingizwe kwenye magrupu na watu ambao hana namba zao, na namna ya kuweka Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia matumizi ya simu ya mtoto, kwenye simu anayotumia mtoto. Atukumbushe pia kwamba WhatsApp, Instagram na TikTok zenyewe zinataka mtumiaji awe na miaka 13, maana wapo wazazi wanaomfungulia mtoto wa miaka tisa akaunti kwa mwaka wa kuzaliwa wa uongo, halafu wanashangaa anatumiwa vitu vya wakubwa. Na laini anayotumia mtoto, kumbuka, imesajiliwa kwa kidole chako.

Lakini mipangilio ya simu haimsaidii mtoto ambaye tayari amebanwa. Utafiti wa UNICEF, Interpol na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono, uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kuwa ndani ya mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao. Hao ni kama watoto 200,000. Mtindo unajulikana: mtu anajenga urafiki, anatuma vocha, anaomba picha, na akishaipata moja anageuka: "Tuma nyingine au hii naipeleka shuleni kwenu."

Mtoto aliyefika hapo anapiga hesabu. Nikimwambia mama, nitachapwa na simu itachukuliwa. Nikimwambia mwalimu, nitaitwa mstarini. Hesabu hiyo haiko mbali na ukweli, kwa sababu shule zetu zimezoea kumsimamisha masomo msichana ambaye picha yake imevuja, huku aliyeivujisha anaendelea na vipindi. Kila mwanafunzi anayeshuhudia adhabu hiyo amefundishwa kunyamaza. Mkuu wa shule anayetaka watoto waseme aanze kwa kutangaza, mbele ya wanafunzi na wazazi, kwamba mtoto atakayeleta taarifa ya kutishwa hataadhibiwa, hata kama picha aliituma mwenyewe. Na taarifa ipokelewe na mwalimu wa malezi ndani ya chumba chenye mlango. Veranda ya ofisi ya walimu, ambako kila anayepita anasikia, si mahali pake.

Baada ya hapo kuna mambo ambayo mzazi akiyakosea anaharibu kesi. Usifute ujumbe kwa hasira. Usilipe, na mtoto asitume picha nyingine akidhani ndiyo itamaliza, kwa kuwa anayetishia akishaonja haachi. Hifadhi namba na jina la akaunti, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa mtoto ambayo haikatwi salio. Na tafadhali, usiirushe picha hiyo kwenye grupu la wazazi "ili tumkomeshe huyu mtu". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na haisemi kwamba mama mwenye uchungu anaruhusiwa. Nimeona watu wazima wenye nia njema kabisa wakimaliza kazi ambayo mhalifu aliianza.

Ombi langu kwa wizara inayosimamia elimu na kwa Tume ni dogo: ukurasa mmoja wa ridhaa uambatishwe kwenye maelekezo ya kujiunga ya kila shule, ya serikali na ya binafsi, kabla ya Januari. Mzazi achague mwenyewe: picha hakuna kabisa, picha ya kundi bila majina, au picha yenye jina. Na awe na haki ya kubadili mawazo katikati ya mwaka, shule nayo iondoe picha ndani ya siku zilizotajwa kwenye fomu.

Najua wamiliki wa shule watasema hilo litaua matangazo yao. Wapige picha maktaba. Wapige maabara, viti vya basi vyenye mikanda, na vyoo. Mimi nilipokuwa natafuta shule nilizunguka kurasa nyingi, nikaona mamia ya sura za watoto wa watu, na choo hata kimoja sikukiona.

Mzazi,
Kihonda, Morogoro