Nakala za vitambulisho vyetu huishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi uliopita, siku niliponunua karanga za shilingi 500 kwa kijana mmoja aliyekuwa akipita na sinia lake Kariakoo. Nilipozimaliza na kuikunjua ile karatasi ili niitupe, nikakuta ni nakala ya kitambulisho cha Taifa cha mama mmoja. Picha ilikuwa imetoka nyeusi lakini sura inatambulika, majina yake yote matatu yanasomeka, tarehe ya kuzaliwa ipo, namba zote 20 zipo, na pembeni mtu alikuwa ameandika namba ya simu kwa kalamu ya bluu. Simlaumu kijana yule, kwani hununua karatasi kuukuu kwa kilo kama wenzake wote. Niliichana vipande vidogo, ila roho haikutulia, maana kwenye sinia zilikuwa zimebaki karatasi nyingine nyingi.

Siku chache baadaye nikasoma katika ukurasa huuhuu barua ya msomaji mwenzangu aliyesema kwamba asiye na la kuficha hana sababu ya kusita kutoa taarifa zake, na kwamba hata nchi zilizoendelea, akaitaja Uingereza, hufanya hivyo bila manung'uniko. Kwa heshima zote, nadhani ameitaja nchi ambayo historia yake inasema kinyume.

Waingereza waliwekewa vitambulisho vya lazima mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kwa shughuli 3 zilizotajwa: kujua nani aitwe kwenye utumishi wa vita, kulinda usalama wa nchi na kugawa chakula cha mgawo. Vita viliisha mwaka 1945, vitambulisho vikabaki. Kufikia mwaka 1950 daftari la usajili wa watu lililoanzishwa wakati wa vita lilikuwa likitumiwa na idara 39 za serikali, na polisi walishazoea kudai kitambulisho hata kwa makosa madogo ya barabarani. Desemba mwaka huo, dereva mmoja aitwaye Clarence Willcock alisimamishwa Finchley, kaskazini mwa London, akatakiwa aonyeshe chake, akakataa. Mahakamani alishindwa, na mwaka 1951 rufaa yake nayo ilitupwa na jopo la majaji 7, kwa sababu sheria ilikuwa bado hai. Hata hivyo Jaji Mkuu, Lord Goddard, alitamka kwamba kuitumia sheria hiyo kwa jambo ambalo haikutungiwa kunawageuza raia watiifu kuwa wavunja sheria. Februari 1952 vitambulisho vikafutwa.

Mwaka 2006 serikali ya Tony Blair ilivirudisha kwa sheria mpya, safari hii vikiwa na daftari la kompyuta lenye picha na alama za vidole. Serikali ya David Cameron ikaifuta sheria hiyo mwaka 2010, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wapatazame kwa makini: haikuishia kusema kwamba kadi hazitumiki tena, bali Februari 2011 zile diski zilizohifadhi taarifa za waliokwisha kujiandikisha zilipelekwa kwenye mashine na kusagwa, waziri akiwapo. Aliyekuwa ametoa alama zake za vidole alijua siku zilipokoma kuwapo.

Sisemi kwamba kule wameshafika. Sheria yao ya mwaka 2016 inairuhusu serikali kuyaamuru makampuni ya intaneti yatunze kwa miezi 12 kumbukumbu za tovuti anazotembelea kila mteja, na waziri mkuu Keir Starmer alipotangaza kitambulisho cha kidijitali Septemba 2025, watu zaidi ya milioni 2 walitia saini ombi la kukipinga kwenye tovuti ya Bunge. Miezi miwili kabla ya hapo, Julai 2025, tovuti zenye mambo ya watu wazima zilianza kulazimika kuthibitisha umri wa watumiaji, mara nyingi kwa picha ya uso au kitambulisho. Vijana waligundua mapema kwamba uso wa mhusika wa mchezo wa kompyuta, ukielekezwa kwenye kamera, ulipita katika baadhi ya ukaguzi. Mwaminifu ndiye aliyeacha sura yake halisi. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Discord, yenye programu ya watu kuwasiliana mtandaoni, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho za watumiaji wapatao 70,000 duniani, waliozituma ili kuthibitisha umri, huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa kwenye karatasi ya karanga.

Mimi si mpinzani wa kitambulisho. Changu nilikisubiri kwa hamu, na nilisajili laini yangu ya simu kwa alama za vidole kama kila mtu. Ninachouliza ni kinachofuata baada ya nakala kutolewa. Juzi niliingia jengo moja katikati ya jiji lenye ofisi na zahanati. Mlinzi akachukua kitambulisho changu, akakitia kwenye boksi la viatu, akanisogezea daftari. Juu ya mstari wangu nilisoma majina ya watu 14 walionitangulia, simu zao, na kwenye safu ya sababu ya kuja, mmoja wao alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kipimo alichokwenda kufanyiwa. Dada huyo alikuwa na haki ya jambo lake kubaki lake, na Ibara ya 16 ya Katiba yetu inamlinda.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, Tume ya kuisimamia imeundwa, na sheria yenyewe inataka taarifa zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Naiomba Tume itangaze muda huo kwa siku na miezi, ili wakala wa fedha, shule, mwenye nyumba na mlinzi wa getini wajue lini wanapaswa kuziteketeza nakala walizonazo, na wakaguliwe. Naomba pia maelezo hayo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali za mitaa, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakopeleka nakala hizo, na hadi leo sijawahi kuulizwa kama ningependa kurudishiwa yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam