Soma jina la kozi kabla ya jina la chuo

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga hatujambo. Nimeyaona machaguo uliyonitumia. Namba moja umeweka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, nikafurahi. Kisha nikasoma kozi: Sayansi ya Wanyama. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utaitikia "sawa mama" na mambo yaishie hapo.

Sayansi ya Wanyama na Tiba ya Wanyama ni kozi mbili tofauti, na zote zipo SUA. Sayansi ya Wanyama ni lishe, mbegu bora, uzalishaji. Ni kazi ya heshima na nchi inaihitaji. Lakini wewe tangu shule ya msingi unasema unataka kutibu. Daktari wa mifugo ni yule aliyesoma Tiba ya Wanyama miaka mitano, kisha akasajiliwa na Baraza la Veterinari kwa sheria ya mwaka 2003. Shahada ile nyingine haikupeleki huko, hata ukiipata kwa alama za juu kabisa.

Unamkumbuka yule mtamba wetu masika iliyopita? Mtu wa kwanza tuliyemwita alimchoma sindano mfululizo bila kupima chochote. Daktari alipofika alipapasa tezi chini ya sikio, imevimba kama limau, akasikiliza mapafu, akavuta majimaji ya tezi kwa sindano na kuyapaka kwenye kioo cha darubini. Ndigana kali. Akauliza mara ya mwisho tuliogesha lini, maana ugonjwa ule huletwa na kupe. Wewe ndiye uliyemshikia tochi, na usiku ule hukulala kwa maswali. Majibu ya maswali yale yamo kwenye Tiba ya Wanyama.

Shangazi yako anasema, kama alama zinafika, bora Muhimbili ukatibu watu. Mjibu kwa adabu. Kichaa cha mbwa na kimeta humfika binadamu kutoka kwa mnyama, na mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 hapa nchini. Anayeigundua zizini ameokoa watu pia.

Kabete ya Nairobi na Makerere ya Uganda ni vyuo vya siku nyingi, lakini ada ya ugenini na kodi ya chumba hatuwezi. Wala sioni unachokosa Morogoro: hospitali ya wanyama iko hapo hapo chuoni, na hata wale panya wanaonusa mabomu na kifua kikuu wanafundishwa hapo. Watafute wanaosoma mwaka wa nne, uwaulize wameshika wanyama kwa mikono yao mara ngapi, na meza moja ya upasuaji inazungukwa na wanafunzi wangapi. Jambo hilo lina uzito kuliko uzuri wa majengo.

Dirisha la maombi halijafungwa. Ingia ubadilishe, Tiba ya Wanyama iwe ya kwanza, na fomu ya Bodi ya Mikopo uijaze wiki hii hii. Kabla hujabonyeza kutuma, nipigie picha ukurasa wote niusome.

Mama yako