Kwa Nini Tunapima Kasha Kabla ya Kufunga Kadi ya Grafiki

Lalamiko linalotufikia mara nyingi zaidi katika karakana yetu linahusu ada ya kupima. Mteja huja na kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachoandaa picha za kwenye skrini ya kompyuta, aliyoinunua kwingine, ikiwa bado ndani ya boksi lake, akitaka ichomekwe tu aondoke. Akielezwa kwamba tutafungua kasha la kompyuta kwanza, tupime nafasi, tusome lebo ya pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) na kuiendesha kadi kwa nguvu zake zote kabla ya kumkabidhi mashine, huona anatozwa fedha kwa kazi isiyokuwapo. Hivi karibuni mteja mwingine, aliyenunua kadi kwetu, alitutamkia waziwazi kuwa tumemwibia. Ni haki yake, na ya wengine wenye shaka kama yake, waelezwe kazi hiyo ni ipi.

Wengi husoma urefu wa kadi kwenye boksi, wakaulinganisha na nafasi iliyotajwa na mtengenezaji wa kasha, wakaridhika. Nafasi hiyo kwa kawaida imepimwa mbele ya kasha kukiwa wazi. Palipofungwa redieta ya kupozea prosesa kwa maji, unene wake wa milimita 27 hivi pamoja na feni zake za milimita 25 huondoa zaidi ya milimita 50. Kadi ya GeForce RTX 4090 iliyotengenezwa na NVIDIA yenyewe ina urefu wa milimita 304 na huchukua nafasi ya sloti tatu (matundu ya kuchomekea kadi), na zipo za kampuni nyingine zinazozidi milimita 340. Kwa hiyo kasha lililoandikwa milimita 330 linaipokea ile ya kwanza kwenye karatasi, lakini likiwa na redieta mbele haliipokei kabisa. Tuliwahi kuletewa kasha ambalo mwenyewe alikuwa amelikata fremu ya kuwekea diski kwa msumeno ili kadi ipite, bila kuondoa ndani ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Kadi ilipita kweli, ila chembe za chuma zilidondokea ubao, na alipowasha umeme ubao ukaungua. Aliyekwepa kununua kasha jingine akanunua ubao.

Upana nao husahaulika, kwa sababu kebo ya umeme huingia ubavuni mwa kadi na kutokeza kuelekea mlango wa kasha. Kwa plagi ya pini 16 inayotumiwa na kadi kubwa za sasa, kebo inapaswa kwenda moja kwa moja kiasi cha milimita 35 kabla ya kupindwa. Mwishoni mwa mwaka 2022, plagi za namna hiyo zilipoanza kuripotiwa kuyeyuka kwenye RTX 4090, sababu kubwa iliyobainika ilikuwa plagi ambazo hazikusukumwa hadi mwisho, na mlango unaoikandamiza kebo huivuta plagi itoke kidogo kidogo. Ndiyo maana fundi wetu haufungi mlango kwa kuulazimisha, hata mteja akisema kwamba umebaki upenyo mdogo tu.

Njia ya mkato tunayoichukia kuliko zote ni adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski umeme, na kuupeleka kwenye kadi. Sloti ya PCI Express, ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama, hutoa wati 75, plagi ya pini sita huongeza wati 75, na ya pini nane wati 150. Plagi ya SATA iliundwa kwa ajili ya diski. Pini zake za volti 12 hubeba ampea 4.5, yaani wati 54 tu. Anayeigeuza kuwa plagi ya pini nane anaidai karibu mara tatu ya uwezo wake, na adapta haina namna ya kukataa: plastiki hulainika, pini hugusana, moshi hutoka. Tumeshika plagi hizo zikiwa zimeganda pamoja na kebo ya diski iliyokuwa na picha za familia nzima. Pawa saplai ikikosa plagi za kutosha, maana yake kwa kawaida ni kwamba haikutengenezwa kwa kadi ya kiwango hicho. Mteja asiyetaka kuibadilisha tunamshauri achague kadi ndogo, kwa mfano RTX 4060 inayotumia wati 115, na hapo sisi wenyewe tunauza bidhaa ya bei ya chini.

Sasa joto, ambalo ndilo lililozaa lile neno la wizi. Mteja yule alidai kadi tuliyomuuzia imetumika, kwani gemu lilikwenda vizuri kwa dakika chache kisha likaanza kukwama. Kadi nyingi hujipunguzia kasi chipu inapokaribia nyuzi 83 hadi 90 za selsiasi, na yake ilifika huko kwa sababu baada ya kuondoka kwetu alikuwa ameihamishia mashine ndani ya kabati la meza, mgongo wake ukiwa umeegemea ubao. Kadi zenye feni mbili au tatu haziutoi moto nje. Huumwaga ndani ya kasha, na ni feni za kasha zinazopaswa kuuondoa. Mbele kukizibwa na kioo au vumbi, kadi huvuta tena hewa ileile ambayo yenyewe imekwisha kuipasha moto. Tuliitoa mashine kabatini, hatukubadilisha skrubu hata moja, na gemu likaenda bila kukwama. Kuacha mlango wa kasha wazi, jambo ambalo wengi hushauriana, hushusha joto kwa muda, lakini huruhusu vumbi kujaa kwenye mapezi ya kadi (vibamba vyembamba vya kupozea), na baada ya miezi michache joto hurudi likiwa kali zaidi.

Ada yetu, basi, inalipia kupima pande zote tatu, kukokotoa wati, kupanga feni ili hewa iingie mbele na kutokea nyuma na juu, na kuiendesha kadi chini ya mzigo mlango ukiwa umefungwa hadi joto litulie. Hatuipunguzi, kwa sababu kinachopunguzwa kitakuwa hilo jaribio la mwisho. Anayenunua kadi kwetu hupimiwa kabla ya kulipia, na isiyoingia hatuiuzi.

Anayeleta yake tunamwomba alete kasha zima, pamoja na kebo zote zilizokuja na pawa saplai. Kebo za kampuni moja hazifai kuchomekwa kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama plagi zinafanana, kwa kuwa mpangilio wa nyaya hutofautiana, na volti 12 ikifika mahali pa volti 5 diski huungua papo hapo.