Mwanafunzi akidundisha ndege, mwacheni aseme

Mhariri,

Nimestaafu ufundi wa ndege, lakini bado naishi Lang'ata, ambako wanafunzi wa urubani hupita juu ya mabati yetu kutwa nzima. Kila ndege ndogo ya mafunzo inapochomoka kwenye lami pale Uwanja wa Ndege wa Wilson au kuangukia pua, majirani hunijia na maneno yale yale: vijana wa siku hizi wana haraka, uwanja umebanwa na nyumba, wahamishwe wakajifunzie mbali. Tangu Machi 5, 2024, siku ambayo Cessna ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi na wawili waliokuwa ndani ya Cessna wakafa, kauli hiyo imepata nguvu. Sibishani nayo. Ila ajali za kutua ni jambo jingine, na hata mkiwapeleka wanafunzi Turkana zitawafuata huko huko.

Wilson iko futi 5,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mchana joto likifika nyuzi 25, hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 8,000. Geji ikimwambia mwanafunzi kwamba anakuja kwa kilomita 120 kwa saa, na upepo umetulia, ukweli ni kwamba ardhi inampita kwa karibu 135. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini inaziongezea breki kazi kwa zaidi ya robo. Inamtia hofu pia. Anaona lami inamjia mbio, anavuta usukani mapema, ndege inapaa kidogo, kasi inakwisha, inashuka kwa kishindo na kudunda.

Hapo bado hajaharibu kitu. Kinachoharibu ni anachofanya baada ya hapo: anasukuma usukani mbele ili ailazimishe ndege ikae chini. Pua inatangulia, gurudumu la mbele linagonga kabla ya yale mawili ya nyuma, na ndege inaruka juu kuliko mwanzo. Mdundo wa tatu kwa kawaida ndio ulioniletea kazi. Dawa yake kila mkufunzi anaifundisha: ukiona mambo yameharibika, sukuma mafuta yote, panda, zunguka, uje upya. Lakini kwa hewa yetu, injini ya kawaida ya ndege hizi hutoa kama robo tatu tu ya nguvu zake, kwa hiyo uamuzi huo haungoji. Anayeufanya amechelewa, flapu zote (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyopunguza mwendo) zikiwa chini, huishia kwenye nyasi.

Haya yote yamo katika mafunzo. Nililolishikia kalamu ni lile linalofuata ndege ikishaegeshwa.

Mguu wa mbele wa Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, umefungwa kwenye ukuta wa bati unaoitenga injini na chumba cha rubani. Ndege ikitua kwa pua, mguu unaweza kubaki umesimama wima, mzima kabisa machoni, huku bati lile limekunjamana na ribiti, pini zinazoshikilia mabati, zimelegea. Mpita njia haoni. Hata mwanafunzi anayeikagua kabla ya kuruka ni vigumu aone, mpaka fundi afungue kifuniko cha injini na kumulika kwa tochi. Ndege hiyo itaruka vizuri tu, mpaka siku mwingine atakapotua kwa kishindo cha wastani, mguu ukunjike, propela igonge lami. Lawama zote zitamwangukia yeye.

Asubuhi moja nilifungua kifuniko kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nikaukuta mkunjo wa namna hiyo. Daftari la ndege, ambamo hitilafu huandikwa, lilikuwa jeupe. Wanafunzi wanne walikuwa wameirusha tangu juzi yake, na hakuna aliyesema neno. Saa ya chakula msichana mmoja akanifuata kibandani, akakaa mbele yangu bila kuagiza kitu. "Mzee, nadhani ni mimi." Nilipomuuliza mbona hakuandika, alinijibu kwamba waliambiwa siku ya kwanza kabisa: anayeharibu ndege atalipa ile sehemu ya hasara ambayo bima hailipi. Mamake alikuwa ameuza shamba ili amsomeshe. Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuletewa bili ya injini.

Shule ile siitaji, na sidhani ilikuwa peke yake.

Kenya imo katika Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kiambatisho chake cha 13 kinasema uchunguzi wa ajali ya ndege lengo lake ni kuzuia nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Marekani ilikwenda mbali zaidi: tangu 1976 shirika lao la anga, NASA, hupokea taarifa za marubani waliokosea na kufuta majina yao kabla ya kuzitumia. Ikiwa serikali zinaweza kumsikiliza aliyekosea bila kumtoza, shule yenye ndege tano inashindwaje?

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Hiyo sehemu isiyolipwa na bima igawanywe kwenye karo ya wote tangu mwanzo, na anayeripoti kutua vibaya siku ile ile asidaiwe hata shilingi. Muda wa kuzunguka na kuja upya usiwe ndio wa kwanza kulalamikiwa ankara ikifika nyumbani. Nimewasikia wazazi wakigombana na wakufunzi kuhusu dakika sita za mzunguko kama huo. Na wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga wanapotembelea shule, wasiishie kwenye leseni na vyeti. Waombe daftari, wahesabu ni mara ngapi mwanafunzi ameandika "nimetua kwa kishindo". Wakiikuta shule haina hata moja kwa mwaka mzima, wamwite fundi, wafungue vifuniko vya injini zote.

Fundi mstaafu,
Lang'ata, Nairobi