Binti zangu wa chama, msingoje hedhi ikome ndipo mlinde mifupa

Binti zangu,

Salamu kutoka hapa Umoja. Jumapili iliyopita, tukiwa kwa mwekahazina, nilimwona mmoja wenu akishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Ilikuwa saa nne asubuhi, vidole bado vimevimba na pete imekazana. Nilipomuuliza akasema ni baridi tu ya Julai, ana vidonge vyake vya kemisti, akimeza viwili anapata nafuu. Sitamtaja. Lakini usiku ule sikulala, maana njia hiyo nimeipita.

Nilikuwa na miaka 39 na hedhi ilikuja kila mwezi bila kukosa. Asubuhi mikono ilikakamaa zaidi ya saa nzima, hata kukanda unga wa chapati sikuweza. Nikawa nanunua vidonge vidogo vyeupe, vimefungwa kwa karatasi isiyo na jina la dawa. Nilivimeza karibu miaka miwili. Siku moja nashuka matatu nikateleza, nikajishika kwa kiganja. Anguko dogo sana, ambalo mtoto angeinuka na kukimbia. Mkono wangu ulivunjika pahali pawili, na aliyesoma picha aliniuliza umri wangu mara mbili.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Mfupa haulali. Kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na nyingine zinazojenga nyuma yake. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Kinga ya mwili nayo ina wajumbe wake, saitokini. Ukipata kidonda au homa, wajumbe kama intalukini-6 na TNF huja, hufanya kazi yao, huondoka. Kwa mwenye baridi yabisi au lupasi, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, hawaondoki. Wanakaa wakichochea ujumbe mwingine, RANKL, ambao ndio amri ya kuzalisha seli za kubomoa. Wabomoaji wanaongezeka, wajenzi hawawafikii.

Homoni ya estrojeni huwazuia wajumbe hao, ndiyo sababu mifupa hupungua kwa kasi hedhi ikikoma. Hilo tumeambiwa sana, hata tukadhani kabla ya hapo tuko salama. Uvimbe wa magonjwa haya usiotibiwa unaweza kuishinda estrojeni ukiwa bado na miaka 30, na baridi yabisi huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Na vile vidonge? Mara nyingi ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama predinisoloni. Daktari huiandika kwa sababu nzuri, kwa kipimo na kwa muda. Ukiimeza kiholela huwadhoofisha wajenzi na kupunguza kalisiamu inayopita utumboni, na mfupa hupotea haraka zaidi katika miezi ya mwanzo. Mikono yangu ilikuwa inapoa huku mifupa ikiliwa. Hilo bado linaniuma.

Kunyweni maziwa, kuleni omena na mifupa yake, sukuma na terere; mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 1,000 za kalisiamu kwa siku. Lakini omena hatamnyamazisha mjumbe. Mwenye vidole vinavyovimba kwa wiki kadhaa aende kwa daktari wa viungo, apimwe damu, apewe dawa inayotuliza ugonjwa wenyewe, kama methotreksati. Aseme mapema kama anatarajia mimba, kwa sababu dawa hiyo haifai kwa mjamzito. Aulize pia kuhusu kipimo cha msongamano wa mifupa, yaani imeshikana kiasi gani, na majibu yalinganishwe na ya wanawake wa umri wake.

Jumapili ya kwanza ya mwezi njooni na kila kidonge mnachomeza, hata kile cha kwenye karatasi. Tutaviangalia pamoja, na kisichojulikana tutakipeleka kwa mfamasia. Aliyemeza kwa wiki nyingi asiache ghafla, mwili unaweza kuzirai; aonane kwanza na daktari. Asiye na nauli anipigie, nitamsindikiza.

Shosho yenu