Risala ya Kamati ya Ukarabati wa Jengo la Ofisi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wajumbe wa Bodi ya Wamiliki,
Wapangaji wenzetu na mafundi wetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Ukarabati inakukaribisha katika ukumbi huu wa chini. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo kufika kwako kwenyewe ni heshima kubwa kwetu. Viti tumevipanga upande wa kushoto kwa makusudi. Upande wa kulia unapendeza zaidi, ila usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya jengo hili ni fupi, nasi tutaifupisha zaidi. Lilijengwa miaka ya 1950, wasanifu majengo walipochoka na mapambo ya mawe wakataka ofisi yenye sakafu wazi na kioo nje. Lever House ya New York ilifunguliwa mwaka 1952, Seagram Building ikakamilika mwaka 1958, na kila mwenye kiwanja akatamani la kwake. Letu ni mdogo wao wa mbali. Limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kila mmoja aliacha dari iliyo chini kuliko ya mwenzake.

Kamati yetu, pamoja na uchanga wake, imepata mafanikio makubwa. Tumeondoa dari bandia tatu zilizopachikwa moja chini ya nyingine, na leo dari ya asili inaonekana. Sakafu ya teraso unayoikanyaga, ile ya vipande vya mawe ndani ya saruji, imesuguliwa ikarudi kung'aa. Vitasa vya asili vya milango, vilivyokuwa vimesahaulika ndani ya sanduku karibu na mitambo, vimerudishwa mahali pake, vyote kumi na kimoja. Tumepata pia michoro ya asili ya jengo, karibu yote. Kurasa zinazokosekana ni zile za ukuta wa nje. Hatudhani ipo kamati nyingine ya watu saba iliyofanya makubwa kiasi hiki kwa brashi nne.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliyokuitia hasa ni huo ukuta wa nje.

Ukuta huu wa vioo haubebi jengo. Umening'inizwa mbele ya sakafu kama pazia, na uzuri wote wa jengo uko hapo, katika fremu nyembamba na vioo vinavyopangana kwa vipimo vilevile toka chini hadi juu. Fremu zenyewe ni za chuma cha kawaida. Maji yanapenya pembeni mwa kioo, chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Fremu inavimba, inakibana kioo, kioo kinapasuka bila kuguswa na mtu. Wapangaji wa ghorofa ya tano wameusikia mlio huo mchana kweupe, na mmoja wao amehamisha meza yake hadi karibu na lifti.

Huo si uzembe wa mafundi wetu. Lever House yenyewe, pamoja na sifa zake zote, iliugua ugonjwa huohuo. Ilitangazwa kuwa jengo la kuhifadhiwa mwaka 1982, lakini tangazo halizuii kutu: kufikia miaka ya 1990 vioo vya asili vilivyobaki vilikuwa takriban asilimia 1 tu. Ndipo ukuta mzima ukabadilishwa, ukawekewa fremu mpya za alumini na vioo vinavyofanana na vya mwanzo. Kazi ilikamilika mwaka 2001. Mnara wa Pirelli, jengo la ofisi huko Milan, Italia, ulipogongwa na ndege ndogo mwaka 2002, ulikuwa na bahati ya kuwa na fremu za alumini tangu awali. Nyingi zilishushwa, zikasafishwa, zikarudishwa. Za kwetu zikishushwa hazitarudi. Ukizishika, zinabaki mkononi kama maganda.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba kukumbusha kwamba hii si mara ya kwanza kulisema jambo hili mbele ya mgeni rasmi. Mgeni wetu wa kwanza aliahidi kulishughulikia ndani ya siku tisini, akazindua jiwe la marumaru lenye jina lake. Jiwe hilo lipo mlangoni na tunalipangusa kila Ijumaa; ndicho kitu pekee upande ule kisichovuja. Wa pili alituletea mafundi waliopaka silikoni kila palipoonekana pana upenyo, pamoja na vitundu vilivyowekwa makusudi chini ya fremu ili maji yatoke. Tangu hapo maji yakiingia hayana pa kutokea. Wa tatu tulimwomba vioo, akatupa ndoo. Ndoo tunazitumia, na tunamshukuru.

Kwa hiyo safari hii tunaomba kwa mpangilio. Kwanza, tunaomba mhandisi wa kuta za vioo afungue sehemu chache za ukuta na kupima kilichomo. Majengo ya umri huu mara nyingi yana asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, kwenye vifuniko vya mabomba, vigae vya sakafu, hata kwenye gundi ngumu inayoshikilia vioo. Wanakamati wawili walikuwa wameanza kuikwangua kwa kujitolea. Tuliwasimamisha, na tunakiri tulichelewa.

Mhandisi huyo atatuambia pia kama vishikizo vya ukuta vinaweza kubeba vioo vya tabaka mbili. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Vikiwa viwili ni kilo 30 kabla hujahesabu fremu. Faida yake ipo, maana kioo kimoja hupitisha joto takriban mara mbili ya hivyo viwili. Lakini uzito hauhurumii mtu, na wajumbe wa kamati bado wanabishana.

Pili, tunaomba fedha za sehemu moja ya mfano, upana wa dirisha moja toka sakafu hadi dari, ili sote tuone kabla ya kuagiza. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumesikia, pengine ni uvumi, kwamba lipo pendekezo la kuweka vioo vya buluu vya kujitazamia na fremu nene kama mkono. Hilo likifanyika, litakuwa limejengwa jengo jingine juu ya mifupa ya hili, na vitasa vyetu kumi na kimoja vitashangaa vimefikaje humo.

Tatu, ukuta mzima. Hatutarajii jibu lake leo. Jibu la ombi la kwanza tunalitarajia leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya bahasha utakayokabidhiwa imo nakala ya risala hii na fomu ya kumwita mhandisi, ukurasa mmoja. Wengine wote wameshasaini. Mahali pako tumeweka alama kwa penseli, na kalamu iko mezani mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Ukarabati