Upepo wa ubavuni: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Wape wazazi shikamoo yangu, waambie mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma. Unasema unapotua upepo ukivuma kutoka ubavuni, ndege inakutoka kwenye mstari wa katikati sekunde za mwisho kabla ya kugusa lami. Hilo lina sababu, na linarekebishika.

Anza na hesabu. Upepo ukija kwa pembe ya digrii 30 na njia ya kutua, nusu ya kasi yake ndiyo inayokusukuma ubavuni. Kwa digrii 45 ni kama asilimia 70, na kuanzia 60 hesabu karibu wote. Kwa hiyo kwenye njia ya 09, yaani inayoelekea digrii 90, mnara wa kuongozea ndege ukikutajia upepo wa 120, yaani unaotoka digrii 120, kwa noti 16 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), unapambana na noti 8 za ubavuni. Vitabu vya ndege ndogo nyingi za Cessna 172 hutaja noti 15 za upepo wa ubavuni, kiwango kilichothibitishwa kwenye majaribio. Wewe shika kikomo alichokupa mkufunzi wako.

Sasa mikono na miguu. Miguu inanyoosha pua, mikono inazuia kusukumwa. Usizichanganye kazi hizo. Tuseme upepo unatoka kulia. Kanyaga pedali ya kushoto mpaka pua ilingane na mstari, na papo hapo zungusha usukani kulia ili bawa la kulia lishuke kidogo. Ukiona unasogea kushoto, ongeza usukani. Pua ikipinda, rekebisha kwa pedali. Ukigusa lami pua ikiwa bado imeelekea kulia, magurudumu yataburutwa kiubavu na miguu ya ndege itaumia.

Tatizo lako, naamini, liko hapa: unaposawazisha ndege juu ya lami, mikono yako inaganda. Mwendo unashuka, hewa inayopita kwenye aileroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoendeshwa na usukani) na mkia inapoteza nguvu, lakini upepo haujapungua kwa kiasi hicho. Kipimo kilichotosha futi 200 juu hakitoshi tena. Lazima uendelee kuongeza, pole pole, hadi gurudumu la kulia liguse kwanza, kisha la kushoto, kisha la mbele. Kwenye ndege nyingi za mafunzo gurudumu la mbele limeungana na pedali, kwa hiyo zirudishe katikati kabla halijagusa, la sivyo ndege itachepuka ghafla.

Wala hujamaliza kutua. Wanafunzi wengi huachia usukani hapo. Bawa la upande wa upepo linainuka na pua inageukia upepo. Endelea kuzungusha usukani kulia hadi mwisho wake kadiri ndege inavyopunguza mwendo.

Upepo wa vishindo, kwa mfano noti 12 zinazopanda hadi 20, ongeza nusu ya tofauti, yaani noti 4, kwenye mwendo wa kukaribia. Na pedali ikifika mwisho pua isinyooke, usilazimishe: weka nguvu zote za injini, paa, tafuta njia nyingine.

Mwombe mkufunzi zoezi moja kwenye njia ndefu: mpite chini juu ya lami bila kugusa, pua ikiwa imenyooka, huku ukiisogeza ndege kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia kwa kulaza bawa tu, kisha mpae. Niandikie ilivyokuwa, na utaje upepo ulikuwa noti ngapi.

Dada yako akupendaye